Waliokosekana Siku ya Mzani

Nyumba ya wageni, chumba cha juu
3 Februari

Mwanangu Kibonge,

Najua shikamoo yako iko njiani, kwa hiyo naijibu kabisa: marahaba. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Hii ni shule ya nne wiki hii. Nikishuka kwenye gari la ofisi miguu bado inatetemeka, nikikaa nataka kusimama, nikisimama naanza kutafuta begi. Ungeniona ungecheka.

Siku nilipokuacha shuleni uliniuliza kazi hii hasa ni ya nini, nikakujibu juu juu kwa sababu kengele ilikuwa imeshalia. Ni hivi. Serikali ina Mpango wa Taifa wa Kuzuia Unene, huu wa mabango na mbio za asubuhi. Watoto wa shule zilizomo walipimwa uzito mwaka jana kabla mpango haujaanza, na muhula huu wanapimwa tena. Mimi nalinganisha, halafu naandika ripoti kusema kama mpango umesaidia au tumewakimbiza watoto wa watu bure. Mkurugenzi anataka jibu kabla Aprili haijaisha, maana mpango ukionekana umefaulu utapelekwa nchi nzima.

Shule yako imo. Ndiyo maana huwezi kuniona huko mpaka likizo: mtathmini haruhusiwi kugusa shule anayosoma mwanawe. Atakuja mwenzangu, yule mzee wa miwani anayefuta mzani kwa leso yake mwenyewe. Usimwambie wewe ni wa nani, atakuonea haya.

Pamoja na barua hii kuna sweta la kijani. Nimechukua kipimo cha Januari, cha Kibonge wangu ninayemjua. Kula vizuri.

Mama yako


Bweni la pili
14 Februari

Mama,

Shikamoo. Najua umeshaitikia, lakini nimeamkia tena tusije tukadaiana.

Sweta limefika na limenikaa vizuri. Kwenye bahasha uliandika "Kibonge", na hapa barua zote husomwa majina ukumbini wakati wa chakula cha mchana. Kiranja alilisoma mara mbili, eti hakuliona vizuri. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Nilicheka na mimi.

Mpango wako uko hai, usiwe na shaka. Asubuhi tunazunguka uwanja huku Matroni anapuliza filimbi akiwa amekaa kwenye kiti. Soda zimeondolewa dukani, sasa zinauzwa nyuma ya maabara kwa bei ya kuruka. Kuna bango la mtoto mnene amekaa na mtoto mwembamba anaruka. Yule mnene kuna mtu amemchora masharubu, sasa amefanana na mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mwenyewe ndiye pekee ambaye hajaliona.

Halafu kuna kombe. Limeletwa na watu wa mpango, linang'aa kweli. Siku mzee wenu atakapokuja, bweni litakaloonekana lina wasichana wachache "waliozidi" ndilo litakalolichukua. Tunapimwa ukumbini mbele ya wote, na mwalimu anasoma uzito kwa sauti ili mwenzake aandike. Kwa vipimo vya mwaka jana sisi ndio wa mwisho, na wengine wanajua kabisa ni kwa sababu ya nani na nani. Rafiki yangu Msumari, yule mwembamba uliyemhurumia siku ya kwanza ukampa mkate wako, anasema tungekuwa wote kama yeye tungechukua hata kombe la dunia.

Swali la kikazi, mama. Mtu akiumwa siku ya mzani, mnampima lini?

Mwanao,
Kibonge


Nyumba ya wageni nyingine, hii haina maji
22 Februari

Kibonge wangu,

Marahaba mbili. Swali lako nimemsomea mzee wa miwani kwenye gari, akasema huyu mtoto aajiriwe. Mtoto wa nyoka ni nyoka! Nilifurahi mpaka dereva akageuka kuniangalia.

Jibu: hapimwi. Kulinganisha kunataka vipimo viwili, cha mwaka jana na cha mwaka huu. Mwenye kimoja tu hatuna pa kumweka, kwa hiyo tunamwondoa kwenye hesabu na kazi inaendelea. Usione ni uonevu. Ndivyo kazi hii inavyofanyika kila mahali, na kwa kawaida ni wachache tu, huyu ana mafua, yule amekwenda msibani.

Nikwambie siri? Naona dalili nzuri. Shule tatu nilizomaliza kuzilinganisha, unene umeshuka kuliko nilivyotarajia. Niliingia kazini nikiwa na wasiwasi na mbwembwe hizi za makombe, sasa nahisi labda nilikuwa na roho ya korosho tu. Natamani ningekuwepo huko kukuona ukikimbia.

Kesho tunaondoka saa kumi na mbili. Begi sijalifungua tangu nifike.

Mama yako


Bweni la pili
9 Machi

Mama,

Shikamoo. Mzee wa miwani alikuja, akafuta mzani kwa leso kama ulivyosema. Tumepata kombe! Bweni la pili, kutoka mkiani mpaka kileleni. Waliimba mpaka Matroni akazima taa za ukumbi ili watoke.

Mimi sikuwaona wakipimwa, nilikuwa zahanati ya shule. Tumbo tu. Limeshapoa.

Sweta limeanza kunipwaya. Hongera yako hiyo, mpango unafanya kazi.

Mama, naomba kwenye bahasha uandike jina langu la shule. Lile jingine basi.

Mwanao


Ofisini, kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita
20 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa kombe! Ofisi nzima inajua. Bahasha nimeandika jina la shule kama ulivyoagiza, msichana mkubwa sasa. Sweta usihangaike nalo, lifue kwa maji ya moto litarudi, au vuta subira, mwili wako wa kukua bado unakuja. Tumbo uliambiwa ni nini? Umekunywa maji ya bomba?

Sasa sikiliza. Hesabu zote zimeingia. Kabla ya mpango, katika kila watoto mia, ishirini walikuwa wamezidi uzito. Sasa ni kumi na mmoja. Mkurugenzi aliposikia alisimama, akakaa, akasimama tena. Anataka sherehe ya kitaifa, na unajua itafanyika wapi? Shuleni kwenu, maana ninyi ndio mlioshuka kuliko wote. Kazi ikishatiwa sahihi nitaruhusiwa kuja. Nitakuona, mwanangu!

Mbona basi situlii? Chai yangu inapoa nikiwa nimeishika. Nimegundua kwamba shule zilizofanya vizuri kuliko zote ndizo zenye wanafunzi wengi waliokosekana siku ya mzani. Kwenu ndiko kunakoongoza. Labda ni bahati tu, labda wamehama. Mkurugenzi anasema natafuta mchawi. Nikuulize wewe uliye huko: hivi muhula huu wamehama wengi?

Mama yako


Zahanati ya shule
24 Machi

Kwa mzazi,

Salamu kutoka kwa Matroni. Kwanza usishtuke, mtoto yuko salama. Jana asubuhi alianguka katika mbio na akazimia kidogo. Mganga amemwona, anasema hana ugonjwa ila hali chakula. Nimewahoji wenzake kwa ukali, na imebainika kwamba tangu mwezi wa pili mkate wake wa asubuhi na maharage ya mchana anampa yule rafiki yake mwembamba, ambaye kwa kweli amenawiri. Mwanao amenisihi nisikuandikie kwa kuwa una kazi ya taifa. Nikamwambia taifa litasubiri.

Nakuhakikishia huduma zetu ni nzuri. Hata siku ya mzani niliwapokea wasichana kumi na saba wa bweni la pili, wote matumbo, mpaka wengine nikawatandikia sakafuni. Wote ni wenye miili ya kutosha, hivyo walibanana. Jambo la kumshukuru Mungu, gari la mzani lilipoondoka, matumbo yote yalipona bila dawa.

Matroni


Zahanati ya shule, kitanda cha dirishani
25 Machi

Mama,

Shikamoo, maana hasira haijanifuta adabu.

Barua yako ya tarehe 20 nimeisomea kitandani. Umeniuliza kama wamehama wengi. Hatujahama, mama. Tulikuwa hapahapa zahanati, na mimi nilikuwa kitanda hikihiki.

Unajua kwa nini nilikuuliza lile swali? Kiranja alituambia sisi wanene tuumwe siku ya mzani ili bweni lisiaibike. Mimi nikawaambia haitasaidia, mama yangu ndiye mwenye hesabu, na mama yangu ni mtu makini, asiyepimwa leo atatafutwa kesho, hata awe chini ya kitanda. Tukabishana. Nikasema ngojeni nimwandikie.

Barua yako ilipokuja, kiranja aliisoma kwa sauti bwenini. "Tunamwondoa kwenye hesabu na kazi inaendelea." Walinibeba juu juu, mama! Walisema mama yako ametupa kombe. Nilikuwa nataka useme mtarudi kututafuta.

Baada ya hapo nikaona heri nipungue kweli, kuliko kuondolewa kila mwaka. Msumari hakuniomba mkate, nilimlazimisha, msimwadhibu.

Na usiniulize kuhusu maji ya bomba.

Mwanao


Nyumba ya wageni, mtaa wa pili kutoka shuleni kwenu
1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilikuja jana na juzi bila kungoja ruhusa, nikakaa kando ya kitanda chako. Ulijifanya umelala. Nimekulea, nakujua ukilala: ungekuwa umelala kweli kope zisingecheza vile. Sikukuamsha. Tangu Januari sijawahi kukaa mahali pamoja muda mrefu hivyo bila kutaka kusimama.

Naomba unisamehe. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara nikaongeza maelezo mbele yake, kwamba ndivyo kazi ilivyo, kwamba kila mahali wanafanya hivyo. Nimeyafuta. Uliniuliza swali ukiwa na shida, nami nikaenda kumchekea dereva kwamba mtoto wangu ana akili. Uliniandikia sweta linakupwaya nikakuambia ulifue kwa maji ya moto. Naumia, na nastahili kuumia.

Kuhusu lile jina. Ulizaliwa kabla ya wakati wako. Ulikuwa unaenea kwenye viganja vyangu viwili, na nesi mmoja, si kwa ubaya, aliniambia nisikupe jina kwanza. Kila asubuhi nilikuwa nakupeleka kwenye mzani nikiwa nimefumba macho. Siku nesi huyo aliposema kwa sauti kwamba umeongezeka, wodi nzima ya kina mama ilishangilia, na mimi nikapiga kelele, "Kibonge wangu!" Kwangu ni jina la siku uliyobaki. Sikujua kuwa kwenye bahasha linageuka kitu kingine. Sitaliandika tena.

Sasa kazi. Nimemwambia Mkurugenzi sitii sahihi mpaka waliokosekana wapimwe katika shule zote, faragha, bila kombe na bila mtu wa kusoma kwa sauti. Akaniambia, "Mama, hesabu ni nzuri, unataka nini tena?" Nikamwambia wanaofanya hesabu iwe nzuri wamelazwa zahanati. Hakucheka. Amenipa wiki mbili.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama


Nyumbani
20 Aprili

Mwanangu,

Hujanijibu, na sikulaumu. Matroni amenipigia simu, anasema unakula nusu. Nusu ni nyingi kuliko jana, namshukuru Mungu kwa nusu.

Mzee wa miwani ameniambia alirudi kwenu, akaweka pazia, akapima mmoja mmoja na kunong'ona. Ameniambia pia kuna msichana aliyeingia mara tatu na kutoka mara tatu kabla hajapanda. Sikumuuliza ni nani.

Matokeo ni haya, nawe una haki ya kuyajua kabla ya mtu yeyote. Tulipowarudisha waliokosekana, ile nafuu yote imeyeyuka. Walikuwa ishirini katika mia, na sasa ni ishirini. Mbio na kuondolewa kwa soda havijadhuru wala havijasaidia. Kombe ndilo lililofanya kazi, na kazi yake imekuwa kuwaficha watoto. Nimeandika hivyo hivyo, kwa maneno machache kuliko haya.

Mkurugenzi amenishukuru kwa utumishi wangu. Ripoti ataitia sahihi mtu mwingine, ile ya kwanza, ya kumi na mmoja. Yangu imewekwa kabatini "kwa marejeo". Sherehe ni tarehe 27, shuleni kwenu, na nimeombwa nisihudhurie. Kwa hiyo niko nyumbani. Nimefagia, nimepanga vyombo, nimevipangua, nimevipanga upya. Jirani ameniuliza kama nahama.

Najua hutaki kusikia habari za kombe lile. Siku hiyo kaa bwenini kama unaweza. Nimeshindwa kukukinga na mengi, hilo moja ningependa ulikwepe.

Mama


Bweni la pili
28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Nilikuwa naandika nachana, naandika nachana, mpaka Msumari akaficha karatasi zake.

Ndiyo, ni mimi niliyeingia mara tatu. Mzee alivua miwani akaiweka mezani, akasema bila miwani hamwoni mtu, anaona namba tu. Ndipo nikapanda. Nilimwambia asinitajie, akafunika kwa kiganja.

Sikukaa bwenini. Barua yako niliwasomea wale kumi na sita wengine, safari hii niliisoma mwenyewe, kiranja nikamwambia akae. Nilipofika kwenye "kabatini" mmoja alisema kumbe hata ripoti imelazwa zahanati. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Jana walikuja na magari, kipaza sauti na viti vya kitambaa. Mkurugenzi alisema katika kila watoto mia wamebaki kumi na mmoja, watu wakapiga makofi. Kisha mwalimu mkuu akaita mwakilishi wa bweni la pili aje kupokea kombe mbele ya wageni. Walikuwa wamemchagua Msumari, kwa umbo lake. Wamemfundisha hata namna ya kutabasamu.

Msumari akasimama, halafu akakaa. Akanisukuma kiuno.

Mama, miguu ilikuwa inatetemeka kama yako unaposhuka garini. Nilikwenda. Nilipofika kwenye ngazi nikasikia viti vinasogea nyuma yangu, wakaja wote. Jukwaa lile ni la mbao, lilipiga kelele, na sisi kumi na saba tukabanana juu yake kama siku ile kwa Matroni. Kombe halikutosha mikono.

Mkurugenzi alimwinamia mwalimu mkuu akauliza, "Hawa ni nani?" Kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja mzima ukamsikia. Nikajibu mimi. Nikasema, "Shikamoo mzee. Sisi ndio bweni la pili. Siku ya mzani tulifichwa, ndiyo maana tumeshinda."

Hakuna aliyepiga makofi. Wageni waliokuwa viti vya mbele walianza kuulizana, na mama mmoja mwenye daftari akasimama akataka kujua waliofichwa ni wangapi katika shule zote za mpango. Mkurugenzi akasema swali hilo lina majibu ya kitaalamu. Yule mama akauliza mtaalamu mwenyewe yuko wapi. Mzee wa miwani, aliyekuwa amekaa pembeni na mzani wake, akasema, "Yuko nyumbani. Namba yake ya simu ninayo."

Kwa hiyo ukipigiwa simu, usipange vyombo, pokea.

Kombe tumeliacha jukwaani. Sisi tutaadhibiwa, mwalimu mkuu bado anafikiria adhabu gani, ila si kukimbia, maana Matroni amekataa kupuliza filimbi. Leo asubuhi nimekula mkate wangu, nikaacha ganda. Sikudanganyi, bado nikimeza nasikia kama naiba. Mchana nitajaribu na maharage.

Likizo inaanza Ijumaa. Njoo wewe unichukue, usitume gari. Na kama utaandika kabla ya hapo, kwenye bahasha weka jina la shule, kiranja ni yule yule. Lakini ndani, mahali ambapo ni wewe na mimi tu, lile la wodini nalitaka.

Mwanao,
Kibonge